"Serikali ya Wenzetu Inagawa Nyumba": Historia ya Mkopo Wenye Milango Miwili

Mapema mwaka huu kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu iliingia picha ya kaka, mtoto wa baba mkubwa. Amesimama mbele ya nyumba huko Texas, funguo mkononi, meno yote nje. Kaka yuko jeshi la Marekani mwaka wa saba sasa. Chini ya picha ameandika kwamba nyumba ameipata bila kutanguliza hata senti moja. Hazikupita dakika mbili, shangazi akatuma ujumbe wa sauti: "Jamani, serikali ya wenzetu inagawa nyumba!"

Usiku wifi, mke wa kaka, akanifuata pembeni. "Wewe unayesoma mambo ya historia, hebu niambie. Likitokea la kutokea kwa kaka yako, mimi na watoto tunabaki na nini?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nilijua tu kwamba shangazi amekosea: serikali haigawi nyumba. Ile ni nyumba ya mkopo, na kaka ataulipa kwa miaka 30. Lakini pia hakukosea kabisa, maana serikali imo ndani ya mkataba ule. Swali ni imesimama wapi. Nilipoanza kulifuatilia swali hilo kwa ajili ya wifi, nikakutana na historia ambayo nadhani na wewe msomaji itakufaa, hata kama huna ndugu jeshini wala mpango wa kwenda Texas.

Mdhamini siye mkopeshaji

Kama umewahi kukopa kwenye VICOBA au SACCOS, unalijua swali la mwanzo kabisa: mdhamini wako nani? Hawakuulizi kwa sababu mdhamini atakupa hela. Hela ni za kikundi. Mdhamini anachosema ni kimoja: huyu akishindwa, nifuateni mimi.

Mkopo wa nyumba wa askari wa Marekani uko hivyohivyo. Anayetoa hela ni benki au kampuni ya mikopo ya kawaida. Taasisi ya serikali inayoshughulika na askari wa zamani, inayojulikana kwa herufi mbili tu, VA, inasimama kama mdhamini. Inaiambia benki: huyu akishindwa kulipa, sehemu ya hasara tutaibeba sisi. Benki ikishapunguziwa hofu, inaweza kukubali kumkopesha mtu asiye na malipo ya awali.

Sasa shika jambo moja, kwa sababu makala yote imejengwa juu yake. Mkopo huu una milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa serikali: unaonyesha kwamba ulitumikia jeshi, unapewa cheti cha kustahili. Mlango wa pili ni wa benki: inaangalia kipato chako, madeni yako, na nyumba yenyewe iko wapi. Cheti cha mlango wa kwanza hakimlazimishi mwenye mlango wa pili kufungua.

Hofu iliyozaa sheria

Tuanze mwaka 1924. Bunge la Marekani liliwaahidi askari waliopigana Vita Kuu ya Kwanza malipo ya ziada, dola moja kwa kila siku ya utumishi ndani ya nchi na dola 1.25 kwa kila siku ya ng'ambo. Ila wengi walipewa vyeti tu, vya kulipwa kikamilifu mwaka 1945. Kisha ukaja mdororo mkubwa wa uchumi. Mtu hana kazi, watoto wana njaa, na kabatini ana karatasi ya serikali inayosema subiri miaka 13.

Mwaka 1932 maelfu yao walikwenda Washington kudai malipo mapema, baadhi na wake na watoto, wakapiga kambi kwenye tambarare za Anacostia. Tarehe 28 Julai jeshi likiongozwa na Jenerali Douglas MacArthur liliwatawanya kwa mabomu ya machozi, vifaru vikiwa barabarani, na kambi ikateketea. Fikiria: jeshi linawafukuza askari wake wenyewe.

Picha ile haikuwatoka wanasiasa. Vita Kuu ya Pili ilipokaribia mwisho, watu milioni 16 hivi walikuwa wamevaa sare za Marekani. Wakirudi wote na kukuta hakuna kazi wala pa kulala, itakuwaje? Harry Colmery, wakili wa Kansas aliyewahi kuongoza chama cha askari wa zamani cha American Legion, aliandika rasimu ya sheria kwa mkono wake katika hoteli ya Mayflower mjini Washington. Rais Franklin D. Roosevelt aliisaini tarehe 22 Juni 1944, wiki mbili na ushee baada ya majeshi kutua Normandy. Watu wameizoea kwa jina la GI Bill. Ilikuwa na ada za masomo, posho ya wasio na kazi, na dhamana ya mikopo ya nyumba, mashamba na biashara.

Mwanzoni dhamana ilikuwa ndogo: nusu ya mkopo, isizidi dola 2,000, na riba isizidi asilimia 4. Mwishoni mwa 1945 kikomo kikapandishwa hadi dola 4,000. Mwaka 1950 kikafika dola 7,500 na muda wa kulipa ukawa miaka 30. Kufikia 1952 VA ilikuwa imedhamini mikopo ya nyumba karibu milioni 2.4 kwa askari wa vita hivyo. Mwaka 1940 ni kama asilimia 44 tu ya kaya za Marekani zilizokuwa zikiishi katika nyumba zao wenyewe. Mwaka 1960 zilikuwa asilimia 62. GI Bill haikufanya kazi hiyo peke yake, lakini mchango wake ulikuwa mkubwa.

Mlango wa kwanza: karatasi ya bluu

Masharti ya sheria yalikuwa mepesi kuyasoma. Uwe umetumikia siku zisizopungua 90 wakati wa vita, au uwe umeachishwa mapema kwa sababu ya ulemavu uliotokana na utumishi. Na usiwe umefukuzwa kwa aibu. Basi. Ukisoma sheria ile hutakuta neno "Mweusi" wala "Mzungu" kwenye masharti ya kustahili.

Linganisha na huku kwetu. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni nchini Kenya iligawa mashamba kwa askari wa zamani wa vita. Wenye asili ya Ulaya, siyo wengine. Askari Waafrika na wapagazi waliobeba mizigo ya vita ile, ambao kikosi chao kimeacha jina la Kariakoo pale Dar es Salaam na Kariokor pale Nairobi, hawakuhesabiwa. Ule ulikuwa ubaguzi wa wazi, mlangoni kabisa. Sheria ya Marekani ya 1944 haikufanya hivyo, na ndiyo sababu inahitaji jicho la pili.

Hata mlango huu wa kwanza ulikuwa na ufa. Kati ya kuachishwa kwa heshima na kufukuzwa kwa aibu palikuwa na njia ya tatu: cheti kilichochapishwa kwenye karatasi ya bluu. Hakikusema una kosa, hakikusema huna. Kamanda angeweza kukitumia kumwondoa yeyote aliyeonekana "hafai" bila kumpeleka mahakama ya kijeshi. Kuanzia Desemba 1941 hadi Juni 1945 jeshi la nchi kavu lilitoa vyeti hivyo zaidi ya 48,000. Wamarekani Weusi walikuwa takriban asilimia 6.5 ya jeshi hilo, lakini walipata asilimia 22 ya karatasi za bluu. Wengine waliopewa kwa wingi ni waliotuhumiwa kuwa na mapenzi ya jinsia moja. Sheria haikuwanyima haki wenye karatasi hizo, lakini watekelezaji wa VA waliwanyima wengi.

Kuna pia waliokuwa vitani lakini wakaambiwa hawakuwa askari. Wanawake zaidi ya 1,000 waliendesha ndege za kijeshi ndani ya Marekani katika kikosi kilichoitwa WASP, na 38 walikufa kazini. Kwa kuwa waliandikishwa kama raia, walikuwa nje ya sheria hadi Bunge lilipowatambua mwaka 1977.

Mlango wa pili: ndipo hesabu zinaposhangaza

Sasa tuseme wewe ni askari Mweusi wa Mississippi mwaka 1947. Umerudi salama, umeachishwa kwa heshima, karatasi yako haina bluu. Mlango wa kwanza umepita. Unakwenda benki.

Jarida la Ebony lilichunguza miji 13 ya Mississippi mwaka huo. Kati ya mikopo 3,229 iliyodhaminiwa na VA kwa ajili ya nyumba, biashara na mashamba, iliyokwenda kwa askari Weusi ilikuwa miwili. Siyo asilimia mbili. Mikopo miwili. Na hilo ni jimbo ambalo karibu nusu ya wakazi wake walikuwa Weusi.

Usidhani ni mambo ya kusini tu. Katika viunga vya New York na kaskazini mwa New Jersey, kati ya mikopo 67,000 hivi iliyopata dhamana chini ya GI Bill, isiyofika 100 ndiyo iliyokwenda kwa watu wasio Wazungu.

Ilikuwaje, wakati sheria haikutaja rangi? Jibu lina vipande vitatu.

Kipande cha kwanza ni benki yenyewe. VA ilikuwa mdhamini, na mdhamini hamlazimishi mwenye hela kukopesha. Meneja wa benki akisema hapana, hapakuwa na pa kukata rufaa kwa maana halisi. Hili halikutokea kwa bahati mbaya. Mwenyekiti wa kamati ya Baraza la Wawakilishi iliyoshughulikia muswada alikuwa John Rankin wa Mississippi, mtetezi wa wazi wa ubaguzi. Yeye na wenzake wa kusini walihakikisha utekelezaji unabaki mikononi mwa watu wa mitaani kwao: benki za mji, ofisi za mji, wakadiriaji wa mji.

Kipande cha pili ni ramani. Tangu miaka ya 1930 taasisi za serikali za mikopo ya nyumba zilipanga mitaa kwa viwango vya hatari, na mitaa ya Weusi ikapakwa rangi nyekundu. VA nayo ilifuata taratibu za ukadiriaji za namna hiyo. Kwa hiyo benki ilikuwa na jibu lililoonekana la kitaalamu: hatukukatalii wewe, tunakatalia nyumba, iko mtaa wenye hatari.

Haya, nunua basi mtaa usio na hatari. Hapo ndipo kinapoingia kipande cha tatu. Mwaka 1947 kampuni ya Levitt and Sons ilianza kujenga mji mpya wa Levittown huko Long Island, nyumba zaidi ya 17,000, na askari wa zamani wangeweza kununua bila malipo ya awali. Lakini mikataba ya mwanzo ilikataza nyumba zisikaliwe na mtu asiye Mzungu, isipokuwa mtumishi wa ndani. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Shelley dhidi ya Kraemer, iliamua kwamba mahakama haziwezi kutekeleza masharti kama hayo. Maneno yakaondolewa kwenye mikataba. Kampuni ikaendelea kutowauzia Weusi.

Mtaa wako una hatari kwa sababu unakaa wewe. Mtaa usio na hatari hauuziwi wewe. Umestahili, lakini hakuna nyumba duniani ambayo kustahili kwako kunaifikia.

Mwaka 1957 William na Daisy Myers, mume akiwa askari wa zamani wa vita vilevile, walinunua nyumba Levittown ya Pennsylvania moja kwa moja kutoka kwa mwenye nyumba. Makundi ya watu yalikusanyika usiku baada ya usiku, mawe yakavunja madirisha yao. Walistahimili, wakakaa.

Serikali ilijua kufungua mlango ilipotaka

Kuna jambo moja lililonifanya niache kuandika nikae kidogo. Mwaka 1950 Bunge liligundua kwamba askari wa vijijini na miji midogo hawapati mikopo kwa sababu kwao hakuna benki zinazotaka kukopesha. Unajua lilifanya nini? Liliiruhusu VA iwakopeshe yenyewe, moja kwa moja, hela za serikali.

Yaani mlango wa pili haukuwa lazima. Serikali ilipoona kwamba mlango wa benki ni tatizo, iliweza kuuzunguka. Lakini tatizo lililotambuliwa kisheria lilikuwa umbali. Rangi ilisubiri. Rais John F. Kennedy alipiga marufuku ubaguzi katika nyumba zinazosaidiwa na serikali mwezi Novemba 1962, na sheria ya kuzuia ubaguzi katika uuzaji na upangishaji wa nyumba ikaja Aprili 1968. Aliyerudi vitani akiwa na miaka 25 mwaka 1945, sasa ana 48. Nyumba ambayo angeinunua kwa dola 8,000 imeshapanda bei mara kadhaa. Jirani yake Mzungu ameshamaliza kulipa au anakaribia, na anaitumia nyumba hiyo kusomesha watoto. Kilichopotea ni zaidi ya paa la mtu mmoja, maana nyumba hurithiwa.

Na wifi je?

Turudi kwa wifi. Sheria ya 1944 ilimtazama askari. Wajane waliingizwa kwenye mikopo hii mwaka 1950: mjane wa askari aliyefia kazini, au aliyekufa kwa sababu iliyotokana na utumishi, mradi hajaolewa tena. Mwaka 1970, vita vya Vietnam vikiendelea, wakaongezwa wake wa askari waliotekwa au kupotea kwa zaidi ya siku 90. Hao walikuwa wamekaa katikati: si wajane, na waume hawapo.

Lakini mwanamke naye alikuwa na mlango wake wa pili. Hadi miaka ya 1970 ilikuwa kawaida kwa wakopeshaji kuupunguza mshahara wa mke wanapopiga hesabu ya kipato cha familia, kwa hoja kwamba atazaa na kuacha kazi. Mwanamke aliyetumikia jeshi mwenyewe, na Vita Kuu ya Pili ilikuwa nao 350,000 hivi, angeweza kuwa na cheti cha kustahili halafu akakutana na meneja anayemuuliza mumewe yuko wapi. Sheria ya kuzuia ubaguzi wa jinsia na hali ya ndoa katika mikopo ilipitishwa mwaka 1974, miaka 30 baada ya GI Bill.

Leo, nilimwambia wifi, hali iko hivi. Kaka akifariki akiwa kazini au kwa ugonjwa au jeraha la utumishi, wewe unaweza kuomba cheti chako mwenyewe cha kustahili, na haijalishi kama aliyebaki ni mke au mume. Ukiolewa tena kabla ya kutimiza umri uliowekwa na sheria, haki hiyo kwa kawaida inakuondoka. Ukiolewa baada ya hapo, sheria inakulinda. Lakini cheti ni mlango wa kwanza tu. Benki bado itauliza kipato chako, siyo cha marehemu. Na deni la nyumba mliyonayo sasa halifutwi na dhamana ya VA, maana dhamana inailinda benki. Hilo ndilo lililomshtua. Alidhani serikali imewadhamini wao.

Kwa hiyo nikamwambia mambo mawili ya kufanya wiki hiyohiyo: aulize kama jina lake limo kwenye hati ya nyumba, na aulize kuhusu bima ya maisha ya kaka jeshini, imeandikwa kwa jina la nani.

Kwa wale waliokosa enzi zile, mwaka 2021 uliwasilishwa bungeni muswada wa kuwafungulia mikopo hii wajane na wazao wa askari Weusi wa Vita Kuu ya Pili. Umebeba jina la Isaac Woodard, askari aliyepigwa na polisi hadi kupofuka huko South Carolina mwaka 1946, saa chache baada ya kuachishwa kwa heshima, akiwa bado ndani ya sare. Uliwasilishwa tena baadaye, na ninapoandika haujawa sheria.

Basi msomaji, ukisikia kwenye redio kwamba kuna mpango wa mikopo, na kila mwenye sifa anastahili, usikimbilie kuuliza sifa ni zipi. Uliza nani anashika hela, na nani anaweza kusema hapana bila kutoa sababu. Wifi alishaniandikia kwamba jina lake kwenye hati halimo. Wameanza kushughulikia.